UZI: Kusoma Juliasi Kaizari bila kuishia kusimulia hadithi

Mpiga_Dondoo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Msimu wa mitihani ukikaribia, maswali kuhusu Julius Caesar ya Shakespeare huwa yale yale, na majibu mengi huwa muhtasari: Caesar kaonywa, Caesar kauawa, rafiki yake Antony kahutubia, muuaji wake Brutus kajiua. Muhtasari huo hata asiyefungua kitabu anao, na msahihishaji hautafuti.

Njia ninayoileta hapa ni moja: katika kila onyesho, jiulize nani anasikia nini, na nani hakuwepo. Hii ni tamthilia ya siasa, na siasa yake imejengwa kwenye masikio. Caesar mwenyewe hasikii vizuri upande wa kushoto. Anamwambia Antony ahamie upande wake wa kulia, kwa kuwa sikio lile jingine ni kiziwi (tendo la 1, onyesho la 2, kuanzia hapa nitaandika 1.2).

Chukueni taji. Ndilo chanzo cha mauaji, sivyo? Basi tafuta ukurasa ambao wewe msomaji unamwona Caesar akipewa taji. Haupo. Brutus na Cassius (mwanzilishi wa njama) wamesimama pembeni wanaongea, umati unapiga kelele nje ya jukwaa. Baadaye anakuja Casca, mmoja wa watakaomuua Caesar, na kusimulia: alipewa mara tatu, akakataa mara tatu, lakini kila safari alikataa kwa ulegevu zaidi, kana kwamba vidole haviachi. Kisha 3.2 Antony analitumia tukio lile lile kuthibitisha kwamba Caesar hakuwa na uchu wa madaraka. Tukio moja, mashahidi wawili, kila mmoja ana upande wake, na sisi hatukuona kitu. Hata kelele zenyewe: katika maelekezo ya jukwaani umati unapiga kelele mara mbili, halafu Cassius anasema walipiga mara tatu. Ukilisema hilo kwenye jibu la mtihani, msahihishaji atajua umekisoma kitabu chenyewe.

Kazi ya kufanya kabla ya kingine chochote: chora safu nne kwenye daftari. Tukio. Aliyeliona. Aliyelisimulia. Aliyefaidika. Jaza angalau haya matano: taji (1.2), barua zilizorushwa dirishani kwa Brutus (zinapangwa mwisho wa 1.2, zinasomwa 2.1), ndoto ya Calphurnia, mke wa Caesar (2.2), kifo cha Portia, mke wa Brutus (4.3), na Titinius, afisa wa Cassius, kuzingirwa na wapanda farasi (5.3). Ukimaliza utaona kitu ambacho muhtasari haukupi: karibu kila uamuzi mkubwa humu unafanywa juu ya habari ya kuambiwa, na mara nyingi habari hiyo imepotoshwa au imesomwa vibaya.

binti_wa_sanaa

Shukrani mkuu. Maswali mawili. Moja, nianze na Kiingereza au na tafsiri ya Mwalimu Nyerere? Mbili, mbona Caesar anakufa katikati halafu kitabu kina jina lake? Tumepewa swali "nani shujaa wa tamthilia hii" na darasa limegawanyika.

Mpiga_Dondoo

La pili kwanza, ni jepesi. Caesar akiwa hai anaonekana katika maonyesho matatu tu: 1.2, 2.2 na 3.1. Brutus ndiye mwenye mistari mingi zaidi. Lakini Caesar anarudi 4.3 kama mzimu usiku hemani, na tendo la 5 lote Brutus na Cassius wanakufa huku wakimtaja yeye. Kwa hiyo usijibu "shujaa ni Brutus kwa sababu ni mwema". Andika kwamba jina ni la Caesar kwa sababu waliua mwili, jina likabaki linafanya kazi. Halafu leta ushahidi wa 3.2: Brutus akimaliza tu kueleza kwa nini amemuua Caesar, raia mmoja anapaza sauti kwamba huyu naye afanywe Caesar! Amewaambia wasiwe watumwa wa mtu mmoja, wao wanatafuta mtu mmoja mwingine. Sentensi hiyo ni fupi, wengi wanairuka.

La tafsiri namwachia Kamusi_Hai.

Kamusi_Hai

Nipo. Nyerere alitoa tafsiri yake mara ya kwanza mwaka 1963, akairekebisha, ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ikatoka na Mabepari wa Venisi. Tafadhali simamia hapo kidogo: wafanyabiashara wa Venice wameitwa mabepari, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Neno bepari zamani lilikuwa mfanyabiashara tu. Kufikia wakati ule limeshabeba mzigo wa Ujamaa. Mfasiri aliyekuwa mkuu wa nchi hachagui neno bila wasomaji kulipima.

Sasa binti, utaratibu. Soma onyesho zima kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kusimama kutafuta maana. Halafu fungua Kiingereza onyesho hilo hilo. Ukianza na Kiingereza utakwama kwenye msamiati wa mwaka 1599 na hutasikia ugomvi. Ila kuna vitu viwili ambavyo usiitegemee tafsiri yoyote ile.

Cha kwanza ni michezo ya maneno. Katika 1.1 fundi viatu anasema kazi yake ni kutengeneza "soles", na sikio la Mwingereza linasikia pia "souls", yaani roho. Kwa Kiswahili soli na roho havifanani hata herufi ya mwanzo. Kwa hiyo utani wa mtu wa chini akimcheza shere mkubwa, ambao ndio unaofungua tamthilia yote, hupotea au hugeuka kitu kingine.

Cha pili ni neno "honourable". Hili ndilo neno ghali kuliko yote katika kitabu. Fungua nakala yako, tafuta neno la Kiswahili lililowekwa katika hotuba ya Antony, kisha hakikisha ni neno lile lile kila linaporudi. Takriri ikivunjika, hotuba imevunjika. Ukijaribu kutafsiri mwenyewe utaona ugumu: "mheshimiwa" kwetu kimekuwa cheo, mtu anaitwa hivyo kwa kuchaguliwa tu. "Muungwana" inagusa nasaba. "Mtu wa heshima" ni ndefu, inachosha ulimi ikirudiwa. Binafsi ningechukua "mheshimiwa" kwa sababu hiyo hiyo ya kuchakaa: msikilizaji wetu anajua namna ya kulitamka kwa heshima, na anajua namna ya kulitamka kwa kejeli bila kubadili hata herufi.

Jukwaa_Tupu

Kamusi_Hai umegusa penyewe. Niingie upande wa uigizaji, maana hotuba hii inasomwa kimya kimya na ndiyo sababu watu hawaioni.

3.2 inahitaji wasomaji saba: Brutus, Antony, raia wanne, na mtumishi anayeingia mwishoni na habari za Octavius, mrithi wa Caesar. Cassius anapita mwanzoni tu, anaondoka na sehemu ya umati. Kwa kusoma ni robo saa hadi dakika ishirini. Raia wanne wasikae pamoja. Watawanye chumbani, sauti zitoke pande tofauti. Kosa la vikundi vingi ni kumpa Antony msomaji bora na raia wakapewa waliobaki. Raia ndio kipimo. Bila wao hujui hotuba imefika wapi.

Tazama safari ya neno lenyewe. Katika kipande cha kwanza Antony anamwita Brutus "honourable" mara nne. Ya kwanza iko ndani ya adabu ya kawaida: nimeruhusiwa na Brutus, mtu wa heshima, kuja kusema. Hakuna kejeli bado, na msomaji anayeanza na kejeli hapo amemaliza risasi zote mapema. Ya pili inafuata baada ya "alikuwa rafiki yangu". Ya tatu inakuja baada ya mateka walioletwa Roma na fidia zao kujaza hazina ya umma, na Caesar kulia maskini walipolia. Ya nne baada ya taji. Kati ya moja na nyingine ameweka jambo ambalo haliwezi kukaa pamoja na neno hilo. Hapo ananyamaza, anasema moyo wake umo jenezani na Caesar, asubiriwe mpaka umrudie. Kimya hicho si huzuni peke yake. Raia wanaanza kuongea wenyewe kwa wenyewe, na yeye anasikiliza.

Akirudi anasema anaogopa kuwakosea watu wale wa heshima ambao majambia yao yalimchoma Caesar. Raia wa nne anapasuka: wasaliti wale! Kisha analirudia lile neno, "watu wa heshima!", sasa likiwa tusi. Hapo ndipo pa kupigia mstari. Neno limetoka kinywani mwa Antony na kuingia kinywani mwa raia, na limegeuka njiani. Antony hakuvunja sharti hata moja aliloambiwa na Brutus: asiwalaumu, amseme Caesar vizuri, aseme ni kwa ruhusa yao, azungumze katika mimbari ile ile baada ya Brutus. Ameyatimiza yote.

Na Brutus hayupo! Aliomba aondoke peke yake, akawasihi watu wabaki wamsikilize Antony. Aliyetoa ruhusa hakukaa kuona inavyotumika.

Mzee_wa_Kinaya

Kaacha mkutano kabla ya "mengineyo" 😂

Jukwaa_Tupu

😂 Kabisa. Na wasia uko kwenye "mengineyo".

Hilo la wasia ni somo peke yake. Antony anautaja, anasema hatausoma. Wanadai. Anasema kuusoma kutawapandisha hasira. Wanadai zaidi. Anashuka, anawapanga duara kuzunguka maiti, anaonyesha joho, anasema hapa jambia la Cassius lilipita, hapa la Casca, hapa la Brutus. Yeye hakuwepo pale! Trebonius, mmoja wa wala njama, alikuwa amemvuta nje kabla ya pigo la kwanza. Hawezi kujua tundu lipi ni la nani, na hakuna raia anayemuuliza. Ndipo anafunua mwili. Umati unaondoka kwenda kuchoma moto, yeye anawaita warudi: mmesahau wasia. Kila raia drakma 75, na bustani zake za kando ya Tiber ziwe za umma.

Sasa vuka kurasa chache hadi 4.1. Antony, Octavius na Lepidus, watawala wapya wa Roma, wamekaa wanatia alama majina ya watakaouawa, na Antony anamtuma Lepidus akaulete wasia wa Caesar waone namna ya kupunguza kilichoahidiwa. Wasia ule ule! Ukiandika insha ya "Antony kama mwanasiasa" bila 4.1, umeandika nusu.

Kijana_wa_Iringa

Ila wakuu mnamwonea Brutus. Aliua kwa ajili ya nchi, hata Antony mwishoni anamwita Mrumi bora kuliko wote. Caesar alikuwa dikteta.

Mpiga_Dondoo

Kijana, hoja hiyo inaruhusiwa lakini itetee kwa kurasa. "Caesar alikuwa dikteta" ni historia. Katika tamthilia unatakiwa uonyeshe wapi. Ushahidi upo, si mwingi: Marullus na Flavius, watetezi wa raia, wamenyamazishwa kwa kuvua mapambo kwenye sanamu zake (Casca anadokeza 1.2 kama jambo la kupita). 2.2 anasema sababu ya kutokwenda Seneti ni kwamba hataki, basi. 3.1 anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyohama, akikataa kumrudisha ndugu wa Metellus Cimber kutoka uhamishoni. Tumia hivyo.

Kisha soma uzungumzi nafsia (kujisemea peke yake) wa Brutus bustanini, 2.1, taratibu. Unaanza na hukumu: lazima afe. Sababu zinafuata nyuma. Anakiri hana ugomvi naye binafsi. Anakiri hajawahi kumwona Caesar akiacha hisia zitawale akili yake. Kwa kuwa mashtaka hayasimami kwa jinsi Caesar alivyo, anaamua kuyapanga upya kwa jinsi atakavyokuja kuwa, ndipo inakuja ile picha ya yai la nyoka: liuliwe ndani ya ganda. Ni mtu mwema anayejitungia ushahidi. Na barua anazoziamini kuwa sauti ya wananchi kaziandika Cassius kwa miandiko tofauti. Brutus haambiwi hilo mpaka anakufa.

Kuhusu maneno ya Antony mwishoni: uliza nani anasikiliza. Wamo Octavius na majeshi, na Messala na wengine wa upande wa Brutus ambao sasa wanapokelewa. Kumsifu adui aliyekufa mbele ya askari wake hakugharimu kitu. Hilo halifuti sifa, ila linaongeza maana.

Kamusi_Hai

Kijana akitaka kumtetea au kumshtaki Brutus, kuna mahali patano, na kila pamoja Cassius alishauri kinyume. Kiapo: Cassius anataka waape, Brutus anakataa. Cicero (seneta): Cassius anamtaka ajiunge nao, wengine wanaunga mkono, Brutus anakataa, na wote wanageuka papo hapo kumfuata. Antony: Cassius anataka afe pamoja na Caesar, Brutus anakataa. Hotuba ya mazishi: Cassius anamvuta pembeni kumwonya, Brutus anaruhusu. Filipi, kwenye vita vya mwisho: Cassius anataka wamngoje adui aje akiwa amechoka, Brutus anataka kuandamana. Yote matano yalipita kwa Brutus.

Lakini usiandike kama orodha ya makosa! La kiapo na la Cicero hayaleti madhara yanayoonekana. Uzito uko kwenye la tatu na la nne, na hata hayo chanzo chake ni kimoja: anataka mauaji yaonekane kama sadaka, si uchinjaji. Mtu anayetaka damu iwe safi hawezi kumuua Antony, wala kumnyima mimbari.

binti_wa_sanaa

Na kuhusu historia halisi, tunaruhusiwa kuchanganya? Mwenzangu aliandika Caesar alipata majeraha 23, akakatwa alama.

Mtunza_Nyakati

Alikatwa kwa haki, kama swali lilikuwa la tamthilia. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasema 23, lakini Octavius katika 5.1 anataja 33. Mengine yanayochanganywa:

Katika historia Caesar aliuawa 15 Machi mwaka 44 KK katika ukumbi wa Pompey, hasimu wake aliyemshinda. Shakespeare anaweka Capitol, ila sanamu ya Pompey kaiacha iwepo. Lupercalia, sikukuu ya Waroma ya tendo la 1, iliangukia 15 Februari, na ile shangwe ya ushindi dhidi ya wana wa Pompey ilikuwa mwaka uliotangulia. Humu vyote ni siku moja. Filipi zilikuwa vita mbili, siku ishirini kati yake, Oktoba 42 KK. Humu ni siku moja. Saa inagonga 2.1, na Roma ya wakati ule haikuwa na saa za kugonga. "Et tu, Brute" haimo kwa Plutarch, na Plutarch ndiye chanzo kikuu, katika Kiingereza cha Thomas North cha 1579. Hizo drakma nazo zinatoka kwake, maana aliandika Kigiriki. Fedha ya Roma haikuitwa hivyo.

Matumizi mazuri ya historia kwenye jibu ni sentensi moja, inayoeleza kwa nini mwandishi kabana muda. Aya nzima ya historia ni alama zimekwenda na maji.

Mpiga_Dondoo

Niongeze la mtihani. Waliopitia KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) wanajua "eleza muktadha wa dondoo hili", alama 4: msemaji, msemewa, mahali, sababu. Mbinu hiyo hiyo ihamishie huku, halafu ongeza la tano kimoyomoyo: nani mwingine anasikia? Mfano, maneno ya Antony juu ya maiti 3.1, anapoiomba radhi kwa kuwa mpole na wachinjaji hawa. Wala njama wamekwisha kutoka. Dakika chache kabla aliwapa mikono mmoja mmoja, mikono yenye damu. Msemewa ni maiti. Anayesikia ni wewe tu. Kwa hiyo hotuba ya 3.2 unaiingia ukiwa unajua nia yake, na raia hawaijui. Hiyo ndiyo kinaya ya kidrama, na umeieleza bila kukariri fasili.

Dondoo ndani ya insha liwe fupi, maneno manne hadi nane, kisha lifafanue. Anayenakili mistari kumi anampa msahihishaji kazi ya kutafuta hoja.

Mzee_wa_Kinaya

Swali la mwisho toka kwangu. 3.3, yule mshairi Cinna. Onyesho dogo, wengine huliondoa kabisa wakiigiza. Lina kazi gani?

Jukwaa_Tupu

Wanaoliondoa wanaokoa dakika tatu na kupoteza hotuba yote. Hesabu maswali anayoulizwa: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, una mke au huna. Wanataka ajibu moja kwa moja, kwa ufupi, kwa hekima, na kwa ukweli. Ni kama kizuizi cha barabarani. Anajibu kila moja, tena kwa utaratibu waliomtaka. Anaposema jina, wanamkamata kwa sababu mmoja wa wala njama anaitwa Cinna. Anapiga kelele: mimi ni Cinna mshairi! Jibu la kwanza: basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Anarudia kwamba si yule. Jibu la pili: haidhuru, jina lake ni Cinna, ling'oeni moyoni mwake.

Mkiliigiza, raia wawe wale wale wanne wa 3.2, na mavazi yao yale yale. Msibadilishe waigizaji. Hawa ndio waliosema, kurasa chache nyuma, kwamba wanataka waelezwe sababu.

binti_wa_sanaa

Hapo kwenye wale wale wanne nimeelewa. Narudi darasani na safu zangu nne.